Kanali Asiye na Kikosi: Maisha ya Harland Sanders na Jina Alilouza

Ndugu wasomaji, maaskari wa jeshi na wa polisi, katika ukurasa wetu wa leo twataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wenu mmekwisha kuiona sura yake bila ya kumjua mwenyewe. Ni mzee wa Kimarekani mwenye ndevu nyeupe na miwani, aliyevaa suti nyeupe na tai nyeusi nyembamba, ambaye picha yake imetundikwa juu ya milango ya maduka ya kuku wa kukaanga katika miji mingi ya dunia. Nairobi ilimpokea mwaka 2011, na Kampala yetu mwaka 2013. Huitwa Kanali Sanders. Askari yeyote aionapo picha hiyo hana budi kujiuliza kanali huyu aliongoza kikosi gani, na katika vita vipi.

Jibu ni kwamba hakuongoza kikosi chochote. Lakini maisha yake yana funzo kubwa kwa askari, hasa yule ambaye siku zake za kuvua sare zimekaribia. Kila mwaka baadhi yetu hupokea kiinua mgongo na kuingia katika biashara. Mara nyingi biashara iliyo karibu ni ile ya kuendesha duka, mkahawa au kituo cha petroli chini ya jina na rangi za kampuni kubwa. Mtaji ni wa askari, jina ni la mwingine. Biashara ya namna hii tutaiita hapa biashara ya kukodi jina. Ina faida zake, nayo ina hatari ambazo hazionekani katika kibao kizuri cha mlangoni. Sanders aliijua kutoka pande zote mbili. Kwanza alifanya kazi chini ya jina la wengine, kisha akawakodisha wengine jina lake, na mwisho akaliuza jina hilo na kujikuta akigombana mahakamani na wale waliolinunua.

Harland Sanders alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1890, karibu na kijiji cha Henryville katika jimbo la Indiana. Baba yake alifariki mwaka 1895, mtoto akiwa hajatimiza miaka sita. Mama alilazimika kwenda kufanya kazi katika kiwanda cha kusindika nyanya, na Harland, aliyekuwa kifungua mimba, akabaki nyumbani kuwalea wadogo zake wawili na kuwapikia. Kwa hiyo upishi hakuusomea shuleni, bali alifundishwa na shida. Mama yake alipoolewa tena, kijana aliondoka nyumbani akiwa bado mdogo, akaenda kufanya kazi katika mashamba ya watu.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alidanganya kuhusu umri wake akaandikishwa katika Jeshi la Marekani. Alipelekwa Cuba, ambako kazi yake ilikuwa ni kuendesha magari ya mizigo yaliyokokotwa na baghala. Mwaka 1907 aliachishwa kwa heshima na kurudi kwao. Huo ndio utumishi wake wote wa kijeshi, miezi michache ya kuchunga wanyama wa mizigo. Cheo cha ukanali alikipata mwaka 1935 kutoka kwa Gavana wa jimbo la Kentucky, Ruby Laffoon, kama nishani ya heshima ambayo jimbo hilo huwatunukia raia wake mashuhuri. Hatusemi hayo kwa kumdharau marehemu. Twasema ili msomaji aelewe kwamba hata cheo hicho kilikuwa sehemu ya jina la biashara, na baadaye kiliuzwa pamoja nalo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Alikuwa mchochea moto wa garimoshi, akapoteza kazi kwa kupigana na mwenzake. Alijifunza sheria kwa njia ya posta, akatetea watu katika mahakama ndogo za Arkansas, hata siku moja akapigana na mteja wake mwenyewe mbele ya hakimu, na uwakili ukaishia hapo. Aliuza bima, akafukuzwa kwa utovu wa utii. Aliunda kampuni ya kivuko katika Mto Ohio, nayo ikastawi, lakini fedha alizozipata alizitia katika utengenezaji wa taa za gesi, wakati taa za umeme zilipokuwa zikianza kuenea. Biashara ya taa ikafa. Ama kwa hakika alikuwa mtu mwenye bidii isiyo na kifani na hasira isiyo na lijamu.

Mwaka 1930, mdororo mkuu wa uchumi ulipokuwa umeifunika Marekani, Kampuni ya Shell ilimpa kituo cha petroli mahali paitwapo North Corbin, Kentucky. Hakudaiwa kodi ya pango, bali aliilipa kampuni sehemu ya mauzo yake. Hapo Sanders alikuwa mpangaji wa jina la wengine, na hapo hapo alionja ukali wa ushindani. Mwenye kituo kingine cha jirani alichukia kibao cha Sanders kilichowaelekeza madereva kwake, akawa anakipaka rangi kukifuta. Ugomvi wa kibao ukawa ugomvi wa bastola. Ofisa mmoja wa Shell aliuawa, Sanders naye akamjeruhi mshindani wake, na mshindani huyo ndiye aliyehukumiwa kwa kuua. Ndugu zetu wa polisi wanajua vizuri jinsi jambo dogo la mpaka wa biashara linavyoweza kumwaga damu.

Katika kituo hicho Sanders alianza kuwapikia wasafiri katika meza ya familia yake. Chakula chake kilisifiwa, na kidogo kidogo mkahawa ukaipita petroli kwa umaarufu. Mwaka 1939 moto uliteketeza majengo yake, naye akayajenga upya, na mkahawa mpya ukawa na viti zaidi ya 140. Kuku wa kukaanga katika karai alichukua muda mrefu mno kwa msafiri mwenye haraka, kwa hiyo Sanders akaanza kutumia sufuria lenye kubana mvuke, akipika kwa mafuta badala ya maji. Kufikia mwaka 1940 alikuwa amekamilisha mchanganyiko wake wa majani na viungo 11, ambao aliufanya siri.

Mwaka 1952 alikubaliana na rafiki yake Pete Harman, mwenye mkahawa katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, ampikie watu kuku kwa namna ile ile na kulitumia jina lake. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Lakini Sanders hakuona bado kwamba hapo ndipo riziki yake ilipo, maana alikuwa na mkahawa wake mwenyewe, nao ulimtosha.

Kisha serikali ikaamua kujenga barabara kuu mpya ambayo haikupita mbele ya mlango wake. Magari yakahama, na wateja wakahama pamoja nayo. Mwaka 1956 mkahawa ukauzwa kwa mnada kwa dola 75,000, na baada ya kulipa madeni, mzee wa miaka 65 alibaki na akiba kidogo pamoja na malipo ya uzeeni ya dola 105 kwa mwezi. Hapa, ndugu askari, twaomba mtue kidogo. Mtu huyu hakuwa mvivu wala mlevi wa mali. Aliangushwa na barabara. Mwenye kujenga duka lake lote juu ya msafara wa watu upitao mbele yake akumbuke kwamba msafara haukumwahidi chochote.

Wengine wangekaa kitako. Sanders alipakia sufuria na viungo ndani ya gari lake, akaanza kuzunguka majimbo. Alipofika kwenye mkahawa, aliomba ruhusa ya kumpikia mwenyewe na wafanyakazi wake. Wakipendezwa, walipatana: mwenye mkahawa atauza kuku kwa mapishi ya Sanders, naye atalipa senti 4, na baadaye senti 5, kwa kila kuku. Usiku mzee alilala ndani ya gari. Mkewe, Claudia, alibaki nyumbani akichanganya viungo na kuvituma kwa posta, ili siri isitoke. Mkataba wenyewe mara nyingi ulikuwa ni kupeana mikono tu, na hesabu ya kuku ilitegemea uaminifu wa mwenye mkahawa.

Mtindo huo ulimfaa Sanders kwa kuwa biashara ilikuwa ndogo, na kwa kuwa mwenyewe alifika bila taarifa, akaonja mchuzi, akafoka, na kuonyesha kosa. Lakini kufikia mwaka 1964 mikahawa yenye jina lake ilikuwa imepita 600 katika Marekani na Kanada. Mzee mmoja hawezi kuonja mchuzi wa mikahawa 600. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndipo mwaka huo wa 1964, akiwa na umri wa miaka 73, alipoiuza kampuni kwa dola milioni 2. Wanunuzi walikuwa wakili kijana John Y. Brown, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Kentucky, na tajiri Jack Massey. Sanders alibakiza haki za Kanada, ambazo mapato yake aliyaelekeza katika kazi za hisani. Aidha aliahidiwa mshahara wa kila mwaka maisha yake yote, kwanza dola 40,000, ili aendelee kuwa sura na balozi wa kampuni. Hisa hakuchukua. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1971, kampuni hiyo hiyo ilinunuliwa na kampuni ya vileo iitwayo Heublein kwa zaidi ya dola milioni 200. Waliokuwa na hisa walitajirika, na mwenye jina akaendelea kupokea mshahara.

Hata hivyo fedha siyo iliyomuuma zaidi. Kilichomuuma ni mchuzi. Kampuni mpya ilirahisisha mapishi ili yaweze kufanywa haraka na mtu yeyote, mahali popote, kwa gharama ndogo. Mzee alipita katika maduka, akaonja, na kutangaza hadharani kwamba mchuzi ule mzito haukuwa na tofauti na gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Sura yake ilikuwa juu ya mlango, na ulimi wake ulikuwa unawakimbiza wateja.

Kwa kampuni hilo lilikuwa jambo la kuudhi. Kwa mwenye duka lilikuwa ni hatari. Yeye hakuubuni mchuzi ule, wala hakuwa na ruhusa ya kuubadilisha, kwani mkataba ulimwamuru apike kama alivyoagizwa. Alitoa fedha zake, akakopa benki, akaweka kibao chenye sura ya mzee, na sasa mzee mwenyewe anasimama gazetini kukikashifu chakula chake. Wenye duka moja la mji wa Bowling Green, Kentucky, walimshitaki Sanders kwa kashfa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Kentucky iliamua kwamba maneno yake hayakulilenga duka lile hasa, kwa hiyo hayakuwa na haki ya kulipwa fidia. Wakili wa zamani, aliyepata kupigana na mteja wake mahakamani, safari hii alishinda bila ngumi. Lakini mwenye duka alirudi nyumbani na gharama zake.

Kesi nyingine ilikuwa kati ya Sanders na Heublein wenyewe. Mzee na mkewe walikuwa wamefungua mkahawa wao katika mji wa Shelbyville, wakitaka kupika kama zamani. Kampuni ikadai kwamba jina na sura ya Kanali si mali yake tena, na kwamba hana ruhusa ya kuvitumia kuishindania biashara. Sanders naye akaishitaki kampuni kwa dola milioni 122, akilalamika kwamba imemzuia katika biashara yake na kuitumia sura yake katika vyakula asivyovibuni yeye. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 1, na mkahawa wa Shelbyville ukabaki chini ya jina la mkewe, Claudia. Fikirini jambo hilo. Mtu aliye hai, mwenye akili timamu, alipaswa kuwa na mawakili ili ajue ni wapi anaruhusiwa kuandika jina alilopewa na wazazi wake.

Harland Sanders alifariki tarehe 16 Desemba, 1980, katika mji wa Louisville, akiwa na umri wa miaka 90. Maiti yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Kentucky ili wananchi watoe heshima zao, kisha akazikwa akiwa amevaa suti yake nyeupe na tai nyeusi. Wakati huo maduka yenye sura yake yalikuwa yapata 6,000 katika nchi 48.

Kufa kwake hakukumaliza migogoro. Mwaka 1986 kampuni ilinunuliwa na PepsiCo, na mwaka 1989 wakubwa wapya walitaka kuubadilisha mkataba wa wenye maduka wa Marekani. Mkataba wa mwaka 1976 uliwalinda kwamba kampuni haitaweka duka jingine karibu nao, ndani ya mwendo wa maili moja na nusu. Kampuni ilitaka kinga hiyo iondolewe. Wenye maduka walikwenda mahakamani, na mvutano ukaendelea kwa miaka mingi kabla ya kupatana. Mwaka 2010 walikwenda tena, safari hii wakipinga kampuni kujitwalia uamuzi wa matangazo ambayo wao wenyewe walikuwa wakiyachangia fedha, na mwezi wa Januari 2011 mahakama ya Delaware iliwapa haki. Walishinda kwa sababu walikuwa na chama chao na maandishi mkononi. Mtu mmoja mmoja asingeweza.

Nasi Afrika Mashariki tumekwisha kuonja. Mwezi wa Januari 2022 maduka ya kuku hao nchini Kenya yaliishiwa na chipsi, kwa kuwa viazi vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa. Wananchi walikasirika, wakiuliza inawezekanaje viazi viadimike katika nchi ambayo wakulima wake wanavilima kwa wingi. Jibu lilikuwa kwamba kanuni za mwenye jina zataka kila mwenye kuleta bidhaa awe amekaguliwa na kukubaliwa kwanza. Baada ya lawama, ahadi ilitolewa ya kuwatafuta wakulima wa nyumbani. Hivyo ndivyo ilivyo: mwenye duka aweza kukaa katikati ya mashamba ya viazi na akakosa kiazi cha kukaanga.

Haya yote hayana maana kwamba biashara ya kukodi jina ni ya kuepukwa na kila mtu. Pete Harman, yule rafiki wa Utah, alistawi ndani yake hata akawa na maduka zaidi ya 300. Lakini askari anayetaka kuingia na ajue anaingia katika nini. Sisi jeshini na polisini tumezoea kwamba atoaye amri ndiye abebaye dhamana ya amri hiyo. Katika biashara hii mambo hayo mawili hutenganishwa. Amri hutoka makao makuu, na hasara hubaki kwa mwenye duka.

Tuchukulie mfano wa hesabu. Duka limeuza kwa shilingi milioni 10 katika mwezi mmoja, na gharama zote zimefikia milioni 9 na laki 8. Faida ni laki 2. Lakini mrabaha wa jina huhesabiwa kwa mauzo, siyo kwa faida. Ikiwa ni shilingi 5 kwa kila 100, mwenye jina atachukua laki 5, naye mwenye duka ataingia hasara ya laki 3. Mwenye jina amepata, mwenye duka amepotewa, na wote wamefanya kazi katika duka lile lile.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, na askari aulize maswali haya. Je, kampuni yaweza kuweka duka jingine karibu nami? Mkataba ni wa miaka mingapi, na nani aamuaye kama utarefushwa? Mrabaha na mchango wa matangazo ni kiasi gani, nao wahesabiwa katika nini? Bidhaa nimelazimishwa kununua wapi, na kwa bei ya nani? Kampuni ikiuzwa kwa wengine, haki zangu zitakuwaje? Tukigombana, ni mahakama ya nchi gani itakayotusikiliza? Majibu yawe katika maandishi, nayo yasomwe na wakili ambaye mnalipa ninyi, siyo wakili aliyeletwa na kampuni. Na walio na biashara ya aina moja na waungane, kama walivyoungana wale wa Marekani.

Naye aliye na jina lake mwenyewe, hata kama ni la kibanda cha chai kijulikanacho kwa usafi, asilitoe kwa haraka. Ukienda kununua kuku mjini, itazame tena picha ya yule mzee. Anatabasamu daima, lakini katika miaka yake ya mwisho hakuwa na uwezo wa kuamuru hata kiasi cha pilipili kitakachotiwa katika mchuzi unaouzwa chini ya sura yake. Alikwisha kuukabidhi ukamanda mwaka 1964, na sahihi ilikuwa ni yake mwenyewe.